Ala ya Kitabu

Katika mji wa Lamu, kwenye kichochoro chembamba ambacho punda wawili wenye shehena hawawezi kupishana ila mmoja wao arudi nyuma, hukaa barazani fundi mmoja wa makubadhi, mzee aliyekwisha kupita umri wa miaka 70, ambaye mbele yake huwa pana gogo la kukatia ngozi, kisu kilichonolewa hata kikabaki ukanda mwembamba, msharasi wa mpini wa mti, kibonge cha nta, na uzi wa pamba aliousokota kwa mkono wake mwenyewe. Nalikwenda kwake asubuhi moja ya kaskazi, wala sikuchukua kiatu cha kushonwa, bali nilichukua kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kile ambacho wengine hukiita kisomeo, chembamba kama ubao wa kuandikia wa mtoto wa chuoni, tena chepesi kuliko ubao huo. Kilikuwa kipya, cha pili katika milki yangu, maana cha kwanza kilikuwa kimekwisha kufa, na sababu ya kufa kwake nitaieleza mbele.

"Shikamoo, mzee wangu," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kiatu kiko wapi?"

Nikamwambia kwamba sikuleta kiatu, nimeleta kitabu kinachotaka mfuko. Akapangusa vumbi la ngozi lililokuwa mapajani mwake, akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza upande huu na upande huu, akakigonga kwa ukucha mara mbili kama afanyavyo mtu anayetaka kujua dafu lina maji au halina, kisha, kwa kuwa watu wa Lamu kitabu hukiita chuo hata leo, akaniuliza, "Hichi ni chuo?"

"Ni chuo, mzee. Ndani yake mna vyuo 300."

Hakustaajabu. Alikilaza juu ya paja lake, akakitazama kwa muda, akauliza: "Na usipokisoma, hukaa wapi?"

Nikakosa jibu.

Swali lile lilinishughulisha akili kwa miezi mingi, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuulizwa na wauza duka kama napenda rangi nyeusi au ya samawati, na kama nataka zipu au sumaku, lakini sikupata kuulizwa kitabu changu kinaishi maisha gani. Na nilipoanza kupekua habari za namna wanadamu walivyohifadhi vitabu vyao katika zama zilizopita, nikaona kwamba waliotutangulia, wa Misri na wa Uhabeshi, wa Siyu na wa visiwa vya baridi huko magharibi ya Ulaya, wote walianza kwa swali hilo hilo la fundi wangu, na ya kwamba mifuko yao, ijapokuwa haikufanana kwa sura, ilikuwa ni majibu yaliyoshonwa kwa uzi.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Neno jalada limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni ngozi. Shina hilo hilo ndilo lililotuletea jeledi, ule mjeledi wa ngozi, na wazee waliposema wanajalidi kitabu walikuwa wanasema, kwa maana ya asili, kwamba wanakivika ngozi. Kitabu kisicho jalada kilikuwa kama mtu aliyetoka nje bila ya nguo. Na jalada la Kiislamu la zamani halikuwa la pande mbili tu kama haya tuliyoyazoea madukani, bali lilikuwa na upande wa tatu, bapa lenye ncha ya pembetatu lililoshikana na jalada la nyuma, ambalo mafundi wa Kiarabu waliliita lisani, yaani ulimi. Ulimi huo ulizunguka ukingo wa mbele wa kurasa, pale panapoingia vumbi, ukaja ukachomekwa chini ya jalada la mbele, kitabu kikabaki kimefumba kinywa. Vitabu hivyo havikusimamishwa rafuni kwa mgongo, bali vililazwa, kimoja juu ya kingine, na ulimi ukatumika pia kama alama ya mahali msomaji alipokomea. Aghalabu juu ya ulimi wa msahafu fundi aligonga kwa muhuri wa moto aya ya Sura ya Al-Waqia inayohusu utohara wa anayegusa, hata mkono uliokuwa ukienda kufungua ukumbushwe udhu kabla haujafika ndani. Sijui jalada jingine popote ambalo limepewa kazi mbili kwa pamoja kwa hekima kama hiyo, kuzuia vumbi lisiingie na kuzuia mkono usioandaliwa.

Katika pwani yetu, mahali palipokuwa na sifa ya kazi hii kuliko kwingine ni Siyu, katika kisiwa cha Pate. Leo msafiri anayefika huko huona ngome iliyokabiliana na mkono wa bahari wenye mikoko, na mji mtulivu uliozungukwa na minazi, naye huenda asidhani kwamba katika karne ya 18 na ya 19 hapa ndipo palipokuwa na waandishi walionakili misahafu kwa khati yao ya peke yake, wakiipamba pembezoni kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano, juu ya karatasi zilizovuka bahari kutoka Italia. Mji huo huo ulitoa wahunzi wa panga na majambia, maseremala wa viti vya enzi, na washona ngozi wa viatu na mikanda. Wala si bahati tu kwamba ufundi wa ala ya jambia na ufundi wa jalada la msahafu vilikaa katika mitaa iliyopakana, maana ngozi ni moja, nta ni moja, na jicho linalopima upana wa ubapa wa chuma ili ala isilegee wala isibane ndilo jicho linalopima unene wa kurasa. Watu wa Siyu walikuwa wakaidi kwa watawala wa nje: mwaka 1844 walilishinda jeshi la Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, lililotumwa kuwatiisha, wakiongozwa na Bwana Mataka, na hawakuinamisha kichwa kabisa kwa Unguja hata zama za mwanawe Sayyid Majid, mwanzoni mwa miaka ya 1860. Nataja vita hivi kwa sababu maalumu. Mji uliokuwa ukiviziwa na majahazi ya kivita, ambao watu wake waliweza kulazimika wakati wowote kubeba walicho nacho na kuingia mwituni, ndio mji huo huo ulioandika misahafu iliyobaki hata leo katika nyumba za makumbusho za Kenya na za ng'ambo. Wino mzuri peke yake haukutosha kuifikisha huku. Ilifika kwa sababu kila mmoja ulikuwa na ngozi yake, na juu ya ngozi hiyo ukawa na mtu aliyejua unakaa wapi.

Kuhusu mahali pa kukaa, majumba ya mawe ya Lamu na Pate yalikuwa na jibu lililojengwa ukutani, yaani zidaka, vile vijishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu katika chumba cha ndani cha nyumba, vyenye nakshi zilizochongwa kwa kisu lipu ingali mbichi. Lakini kidaka ni wazi, na upepo wa bahari una chumvi na unyevu, na mchwa hawana heshima kwa maandiko. Kwa hiyo kabla ya kitabu kuwekwa kidakani kilitiwa mfukoni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na msahafu aliopewa siku ya harusi yake, na mfuko wake alikuwa ameushona mwenyewe kwa bafta nyeupe iliyobaki katika kanzu ya mumewe, ukiwa na utando wa ndani wa mahameli ya kijani uliochakaa hata ukang'aa. Nikiwa mtoto nilikuwa nikimtazama kila baada ya alasiri: akitawadha, akaketi mkekani, akafungua kamba ya mfuko kwa kuvuta ncha moja tu, maana fundo lake lilikuwa la kujifungua lenyewe, akautoa msahafu, akaubusu, akaulaza juu ya marfaa, kisha akaukunja mfuko mtupu mara nne kwa makini na kuuweka chini ya goti lake. Sikuelewa kwa nini alihangaika kuukunja mfuko. Nilikuja kuelewa nilipokuwa mtu mzima kwamba mfuko uliotupwa sakafuni huokota mchanga, na mchanga ule hurudi pamoja na kitabu kwenda kulala nacho.

Tena ilikuwepo mifuko ya jamaa nzima. Pahala panaposomwa khitima, msahafu hugawanywa juzuu 30, kila juzuu kijitabu chake, na vijitabu hivyo huhifadhiwa pamoja katika bweta au katika mkoba wa msikiti, vikatolewa na kugawiwa wasomaji na kurudishwa kwa hesabu. Mwenye dhamana ya mkoba huo hahesabu kwa macho tu, hutia mkono ndani, maana juzuu moja ikipotea khitima zote za mwaka zitakuwa na pengo. Na mfuko mdogo kupita yote ni hirizi, ambayo karatasi yake hukunjwa, ikavikwa ngozi na kushonwa pande zote bila ya kuachwa mlango, kwa kuwa imekusudiwa kuvaliwa na si kusomwa.

Lakini waliofikisha sanaa ya mkoba wa kitabu katika kilele chake, kwa rai yangu, ni Wahabeshi. Kitabu cha Kanisa lao huandikwa juu ya ngozi ya mbuzi iliyokwanguliwa na kunyooshwa, hufungwa baina ya mbao mbili za mti mgumu, na kwa hiyo huwa kizito. Nacho hakikuwa kitabu cha kukaa mahali pamoja, kwa sababu watawa na makasisi walikwenda kwa miguu kutoka monasteri hata monasteri, wakipanda na kushuka milima ambayo mvua yake hunyesha kwa miezi mfululizo. Jibu lao ni mahadari, mkoba wa ngozi ngumu ya ng'ombe ulioshonwa kwa umbo la kitabu chenyewe, si kwa umbo la vitabu vyote. Mkoba mzuri wa aina hiyo huwa wa tabaka mbili: kitabu hutiwa kwanza katika ala ya ndani inayokikaza sawasawa, kisha ala hiyo hutelezeshwa katika ala ya nje iliyo na mfuniko unaoshuka juu yake kama kofia, na kanda ndefu hupita kandokando ili mwenye kitabu akipachike begani, kimning'inie ubavuni. Mvua ikipiga hupata mgongo wa ngozi, haipati mshono. Kitabu kikianguka, hewa iliyo baina ya ala mbili hupokea kishindo kabla ya mbao.

Mtawa alipofika mwisho wa safari yake, mkoba haukuwekwa chini. Ukutani palikuwa na vigingi vya mti, na kila mkoba ulitundikwa kwa kanda yake, mbali na unyevu wa sakafu, mbali na panya na mchwa. Mwingereza Robert Curzon, aliyezuru monasteri za Wadi Natrun katika jangwa la Misri mwaka 1837 na kuchapisha habari za safari zake mwaka 1849, alikuta humo watawa wa Kihabeshi wenye chumba cha vitabu ambacho hakikuwa na rafu za vitabu kama alizozizoea; vitabu vilikuwa vimetundikwa kuzunguka kuta, kila kimoja katika mkoba wake, mithili ya abiria waliotundika mizigo yao wakisubiri chombo kiondoke. Picha ya chumba hicho ilichapishwa katika kitabu chake, nami kila nikiitazama huona kwamba maktaba ile ilikuwa tayari kwa safari wakati wowote, na kwamba kwa watu wale kuhifadhi na kusafiri havikuwa vitu viwili. Mwaka 1868 majeshi ya Uingereza yalipoivunja ngome ya Maqdala, yakabeba hazina ya vitabu aliyoikusanya Mfalme Tewodros wa Uhabeshi, yapata 350 vikaingia katika jumba la makumbusho huko London. Huzuni yangu juu ya jambo hilo sitaificha: vitabu vilivyoshonewa mikoba ya kupanda milima vimepewa rafu katika nchi ya watu wengine, na kanda za mabega hazina tena bega.

Upande wa magharibi wa bara letu Wahausa wana mkoba wao wauitao gafaka, ambao ndani yake kurasa za msahafu hukaa bila ya kushonwa, ukurasa juu ya ukurasa, zimeshikwa na vibao viwili na kamba; hapo mkoba umekuwa ndio jalada lenyewe, na bila ya mkoba hakuna kitabu, kuna karatasi tu.

Ukitaka kujua mambo haya ni ya kale kiasi gani, tazama vile vitabu 13 vya Kikopti vilivyovumbuliwa mwaka 1945 karibu na Nag Hammadi, Misri ya juu, ndani ya mtungi. Umri wao ni wa karne ya 4, na majalada yao ni ya ngozi laini yenye bapa la kufunika mbele na ukanda wa kuzungushia, hata mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza hudhani anatazama pochi za karani wa zama zetu. Ndani ya ngozi, ili kuipa ugumu, mafundi walibandika mafunjo yaliyokwisha kazi, barua na stakabadhi za watu ambao hawakudhani maandiko yao yatasomwa tena. Na katika mwaka 2006, katika bwawa la udongo mweusi huko Ireland, mashine ya kuchimba ilifukua kitabu cha Zaburi cha yapata mwaka 800 kilichokuwa kimelala katika jalada la ngozi. Wataalamu walipoichunguza ngozi hiyo wakaona kwa ndani imetiwa mafunjo, mmea wa mto Nile, katika nchi ya mvua isiyo na mafunjo hata unyasi mmoja. Watawa wa Ireland nao walitundika vitabu vyao vigingini katika mikoba ya ngozi kama Wahabeshi. Na katika Ujerumani na nchi jirani zake, baina ya karne ya 14 na ya 16, waliojaaliwa kusoma walivaa vitabu viunoni: ngozi ya jalada iliachwa ndefu chini ya kitabu, ikafungwa fundo nene, na fundo likachomekwa mshipini, kitabu kikaning'inia kichwa chini ili mwenyewe akikiinua aweze kukisoma bila ya kukifungua mshipini. Katika michoro ya kale vimo kwa wingi, lakini vyenyewe vilivyosalia ulimwenguni havifiki 30, kwa sababu kitabu kinachovaliwa huchakaa kama nguo.

Kisha matbaa ikaja, na mkoba ukaanza kusahauliwa. Huku kwetu Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, aliyekuwa ameishi uhamishoni Bombay na kuona kazi ya matbaa huko, aliweka mtambo wake wa kuchapa Unguja yapata mwaka 1880, na kabla yake wamisionari walikwisha kuwa na mtambo wao katika kisiwa hicho hicho. Vitabu vya chapa ya mawe kutoka Bombay na vya Misri vikateremshwa bandarini kwa makasha. Kitabu kilichonakiliwa kwa mkono kwa mwaka mzima kilikuwa na thamani ya ng'ombe, na hakuna anayelaza ng'ombe nje; bali kitabu kilichotoka mtamboni pamoja na ndugu zake mia kilinunuliwa kwa fedha ya mfukoni, na kikipasuka hununuliwa kingine. Jalada likawa la karatasi ngumu, ulimi ukakatwa, mikoba ikabaki kwa msahafu na kwa watoto wa shule, na sisi tuliozaliwa katika karne ya 20 tukakua tukidhani kwamba kitabu kiliumbwa bila ya ala.

Ndipo katika kizazi hiki chetu kitabu kikarudi kuwa kitu cha thamani na chepesi kuvunjika. Mwaka 1997 ilianzishwa huko Massachusetts, Marekani, kampuni ya E Ink, iliyotokana na kazi ya watafiti wa chuo cha MIT, na wino walioubuni ni wa ajabu kweli kweli: vifuko vidogo mno, vyenye upana wa unywele, vilivyojaa majimaji na chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji za umeme zinazokinzana, hata umeme ukipita chembe za rangi moja huja juu na za rangi ya pili huzama, na umeme ukiisha kukatwa chembe hubaki zilipo, ukurasa ukasomeka pasi na kutumia betri. Sony ilitoa kisomeo cha kwanza cha wino huo huko Japani mwaka 2004, na cha pili Marekani mwaka 2006, na mwezi wa Novemba 2007 Amazon ikatoa Kindle kwa dola 399, nayo ikaisha ghalani kwa saa chache. Mimi hufurahi kwamba wino wenyewe unakaa katika vifuko. Lakini nyuma ya vifuko hivyo pana bamba la kioo chembamba lenye nyaya zisizoonekana kwa macho, na bamba hilo ndilo moyo na ndilo udhaifu wa kifaa chote: halipasuki kwa kuanguka peke yake, hupasuka hata kwa kukandamizwa, na likipasuka hakuna damu wala sauti, nusu ya ukurasa huendelea kubadilika, na nusu nyingine huganda na maneno yaliyokuwapo wakati wa msiba.

Hivyo ndivyo kilivyokufa kisomeo changu cha kwanza. Nalikitia katika begi la kawaida, baina ya kanzu na chupa ya maji, na katika mfuko huo huo nikaacha funguo za nyumba. Safari ya basi kutoka Mombasa hata Mokowe ni ndefu, na abiria aliyeketi mbele yangu aliegemeza kiti chake juu ya magoti yangu na begi langu. Nilipovuka kwa boti na kukifungua chumbani Lamu, kona ya chini ilikuwa na doa jeusi lenye umbo la ufunguo, na juu ya doa hilo ilisalia mistari mitano ya kitabu nilichokuwa nikisoma, ambayo haikuondoka tena mpaka leo. Kosa lilikuwa langu. Nalikitendea kama gazeti.

Watengenezaji wenyewe walichelewa kulielewa jambo hili. Kindle ya kwanza iliuzwa pamoja na kava lake la ngozi, lakini halikukishika kifaa imara, na wengi waliona kisomeo kikichomoka walipokuwa wakisoma. Mwaka 2009 kava la Kindle ya pili likauzwa mbali, nalo likawa na ndoano mbili za chuma za kushika ubavu wa kifaa. Wakatokea wateja Marekani waliokwenda mahakamani wakidai kwamba ndoano zile, mtu akifungua kava kwa upande usio wake, huvuta ubavu na kuutia nyufa. Mwaka 2010 ndoano zikapitishwa umeme ili kava liwe na taa yake. Mwaka 2012 likawekwa sumaku inayokiamsha na kukilaza kifaa kila linapofunguliwa na kufungwa. Na mwaka 2016 kava la modeli moja likawa na betri ya pili ndani yake. Ubunifu huo si haba, wala siudharau. Hata hivyo naona kwamba wote ulikwenda upande mmoja, yaani kulifanya kava lishikamane na kitabu na kufanya kazi pamoja nacho, na ni wachache waliorudi kwenye njia ya Mhabeshi na ya bibi yangu, ya mfuko ambao kitabu hutoka ndani yake kikiwa huru na kurudi kikiwa salama.

Aliyelipa gharama kubwa ya ucheleweshaji huo ni mtoto wa Kiafrika. Mwaka 2010 shirika la Worldreader, lililokuwa limeanzishwa mwaka huo huo, lilipeleka visomeo katika shule za Ghana, na watoto ambao shule zao hazikuwa na kabati la vitabu wakapata maktaba mkononi. Lakini tathmini ya majaribio hayo ilionyesha kwamba yapata visomeo 2 katika kila 5 vilivunjika, na shirika likalazimika kutafuta vifaa na mikoba imara zaidi na kuwafunza watoto namna ya kuvitunza. Wapo waliosema wakati ule kwamba ni uzembe wa watoto. Mimi nasema hapana. Mtoto anayetembea na kitabu katika njia ya mawe, akakiweka chini ya kichwa alalapo, akakikalia katika gari lililojaa, anaishi maisha yale yale ya mtawa wa Uhabeshi, naye akapewa kava lililobuniwa kwa ajili ya mtu aliyeketi sebuleni.

Basi nilirudi kwa fundi wangu wa Lamu nikiwa na jibu la swali lake, nikamweleza kwa urefu: kwamba kitabu changu hukaa katika begi la safari pamoja na vitu vizito, kwamba huvuka maji katika boti ambazo wimbi hurusha chumvi, kwamba usiku hukaa kando ya kitanda, katika chumba ambacho ngozi huota ukungu wakati wa masika. Alinisikiliza hata mwisho. Akaniambia ngozi ya mbuzi itakuwa ya nje, nayo ataipaka mafuta, nami niifute kwa kitambaa kikavu kila wiki wakati wa mvua. Upande utakaokabili kioo atatia ndani yake kipande cha ngozi ngumu ya soli, ile ya makubadhi, ili ufunguo ukandamize soli usikandamize kioo. Na ndani kabisa aweke bafta laini iliyofuliwa mara nyingi, si mahameli, kwa maana mahameli hushika mchanga. Nilipomwuliza juu ya zipu akatikisa kichwa. Meno ya chuma, akasema, hupita karibu mno na uso wa chuo. Na kuhusu maji ya bahari alikuwa mkweli: ngozi yake itazuia rasharasha, haitazuia wimbi, na siku ya kuvuka nikitie kwanza katika mfuko wa nailoni.

Akakipima kwa uzi, si kwa rula, akauzungusha uzi pande zote mbili, akatia mafundo mawili, akapunguza upana wa kucha moja. Nikamwambia kwamba mfuko utabana. "Ubane," akajibu. "Ngozi hujifunza. Usikitoe kwa kuvuta, mwanangu, kiminye chini kije chenyewe." Aliniambia nirudi siku ya tatu, nikarudi. Mishono yake ilikuwa myembamba, sita katika kila upana wa kidole gumba, iliyokazwa kwa nta. Mfuniko ulikuwa bapa lenye ncha, linalopinda na kuchomekwa chini ya ukanda, nami nilipouona ulimi ule sikumwambia habari za mafundi wa Siyu, kwa maana aliukata bila ya kuutazama, kama mtu aandikavyo jina lake. Kandoni alikuwa ameshona kitanzi cha ngozi ambacho sikukiagiza. Alipoona nakishika akaingia ndani ya nyumba na kutoka na chango cha mkoko kilichochongwa ncha, akanipa, akakataa kulipwa.

Chango hicho nimekigongomea ukutani, juu ya kichwa cha kitanda. Hati za msikiti wa Riyadha wa Lamu zimepigwa picha kwa mpango wa maktaba kuu ya Uingereza wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini, nami kurasa kadhaa nimezitia katika kisomeo nipate kuzisoma usiku. Baada ya isha huchukua mfuko, nikauminya chini, kitabu kikaja chenyewe, nikaukunja ulimi, nikauweka mfuko chini ya goti.